Waliokula Pamoja: Malezi ya Timu katika Nyanda za Juu Kusini

Katika Kiswahili cha viwanjani, mtu anayefundisha timu ya mpira huitwa mwalimu. Neno kocha limeingia, na magazeti hulitumia kila siku, lakini mchezaji anapomkabili mkubwa wake kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba, au kueleza kwamba goti lake halijapona, aghalabu husema kwanza, "Shikamoo, mwalimu," ndipo aanze maneno yake. Jina hili lina nasaba ya kale na ya heshima. Ni jina la anayesomesha watoto chuoni, na katika Bahari ya Hindi lilikuwa pia jina la yule aliyekiongoza chombo kwa nyota na pepo. Rubani aliyepatikana Malindi mwaka 1498 na kumvusha Vasco da Gama mpaka India aliandikwa na Wareno kwa jina la Malemo, ambalo si jingine ila maalimu lililopotoka katika vinywa vya wageni. Neno moja, basi, limebeba kazi ya kufundisha na kazi ya kuvusha watu salama katika maji makuu, na kwa maoni yangu mwalimu wa timu anastahili kuitwa hivyo kwa maana zote mbili.

Muradi wa makala haya ni kusimulia habari za malezi ya timu katika nchi ya Mbeya na Iringa, nchi ya milima na baridi iitwayo Nyanda za Juu Kusini, ambako mpira umepata kuzaa vikosi vilivyoutikisa ufalme wa Dar es Salaam, kisha vikosi hivyo, kimoja baada ya kingine, vikatawanyika kama ukungu wa asubuhi jua linapopanda. Watu wengi hudhani kwamba umoja wa timu ni kitu kilichokuja pamoja na mpira wenyewe, kama filimbi, jezi na nyavu. Mimi naamini kwamba watu wa nyanda hizi walikuwa na ilimu kamili ya kuwafanya vijana wengi kuwa kitu kimoja, tena miaka mingi kabla ya kiwanja cha kwanza kuchorwa kwa chokaa, na kwamba timu zao zilipofaulu zilifaulu kwa kuifuata nusu ya ilimu hiyo, na zilipoanguka zilianguka kwa kuisahau nusu ya pili.

Nianze na Unyakyusa. Kusini ya mji wa Mbeya barabara hupanda na kushuka hata ifike Tukuyu, chini ya mlima Rungwe ambao kimo chake kinakaribia mita 3,000, na kutoka hapo nchi huteremka kwa migomba na mashamba ya chai mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa. Wenyeji wa nchi hii walikuwa na mila moja iliyowastaajabisha wataalamu wa mataifa. Monica Wilson, mwanazuoni wa Afrika Kusini, alifanya uchunguzi kati yao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hadi 1938, na mwaka 1951 akachapisha kitabu alichokiita Good Company, yaani usuhuba mwema, ambacho hata leo husomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Jambo alilolikuta ni kwamba Mnyakyusa hakukaa kijiji kimoja na babake, wala na amu zake. Alikaa na hirimu zake, watu waliozaliwa miaka iliyokaribiana na wake.

Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliacha kulala katika nyumba ya wazazi, akaungana na wenzake, wakajenga vibanda vyao kando ya kijiji cha wazee. Hapo walilala, hapo walizungumza usiku, na hapo, miaka ilipopita, walileta wake zao na kulea watoto wao, mpaka kile kilichokuwa kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima wenye ng'ombe na mashamba. Lakini walipokuwa wadogo hawakuwa na mpishi. Iliwalazimu kula kwa mama zao, na jambo linalonivuta mimi kuliko yote katika habari hii ni namna walivyokwenda kula. Hakwenda kila mmoja kwa mama yake. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wakaketi kukizunguka chakula kimoja.

Msomaji na alitazame jambo hilo kwa karibu. Vijana sita au wanane wametoka kuchunga, miguu yao ina tope la vijito, wananawa mikono kwa zamu. Mbele yao ndizi za kupikwa, ziitwazo mbalaga, zinatoa mvuke katika baridi ya jioni, na kando yake kuna maziwa ya mgando. Mama mwenye nyumba anajua kwamba sifa ya mwanawe katika kundi imo ndani ya chungu chake. Mwana naye anajua kwamba kesho atakuwa mgeni nyumbani kwa mwenzake, na kwamba mkono uliokuwa mwepesi mno leo utakumbukwa huko. Katika duara kama hilo mlafi hujirudi bila kupigwa, mchoyo huona haya bila kuhubiriwa, na mtoto aliyefiwa na mama yake halali na njaa maadamu wenzake wana mama.

Raha ya maisha hayo kwa Kinyakyusa huitwa ukwangala. Ni kukaa na wenzako, kula nao na kunywa nao, na kuzungumza nao kwa usawa, na kwa njia hiyo kujipatia adabu na akili, kwa kuwa Wanyakyusa waliamini kwamba hekima haimfikii mtu akaaye peke yake. Humfikia kwa midomo ya wenzake. Waliihesabu ukwangala kuwa miongoni mwa mema makubwa ya dunia, nao walikuwa na sababu.

Mila hii ilikuwa na ukali wake pia. Mtu aliyewadharau jirani, aliyewanyima haki yao katika karamu au aliyemvunjia heshima baba yake, alihofiwa kupatwa na kile walichokiita pumzi ya watu: manung'uniko ya wenzake yaliyosadikiwa kumshukia kama baridi na kumletea maradhi. Hatulazimiki kuamini kwamba manung'uniko huleta homa ili tutambue hekima iliyomo. Karipio lilimjia mkosaji kutoka kwa walio sawa naye, ambao alikula nao na ambao hakuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwao. Mwalimu yeyote aliyekaa na timu msimu mmoja ameliona jambo hili kwa macho yake, kwamba mchezaji huweza kuistahimili ghadhabu ya mwalimu miezi mingi, lakini wiki moja ya kimya cha wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo humvunja kabisa.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya ilimu yao. Nusu ya pili ni ubusoka. Kila kilipotimia kizazi kimoja, wazee waliwatoa vijana wao kwa sherehe kubwa, wakawakabidhi utawala wa nchi. Mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa, na watu wakauchukua majumbani mwao. Wazee wale hawakungoja kaburi liwapokonye. Walikabidhi wangali hai, wakiwa na nguvu ya kuwatazama warithi wao na kuwaonya walipopotoka, na kwa hiyo nchi haikupata kufika siku ambayo kundi moja lilikwisha na jingine halijaandaliwa.

Iringa ilikuwa na chuo cha namna nyingine. Jina la mji latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome, na umoja wa Wahehe ulijengwa kwa mfano wa ngome. Mtwa Mkwawa, mtawala wao, alikusanya vijana wa koo nyingi ambazo babake Munyigumba alikuwa amezitia chini ya utawala mmoja, akawazoeza amri, mwendo na kimya. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, vijana hao walilala majanini wakaungojea msafara wa Wajerumani uliokuwa ukiongozwa na Emil von Zelewski, na ingawa walikuwa wengi na adui alipita karibu nao mno, hakuna aliyekurupuka kabla ya wakati. Ilipotolewa ishara waliinuka kama mtu mmoja, na msafara ule ukaangamizwa pamoja na mkuu wake. Ngome ya Kalenga ilivunjwa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka Julai 1898, miaka karibu minne, akilishwa na kufichwa na watu ambao wangaliweza kujipatia zawadi kwa kumtoa. Sitaki kulinganisha vita na mchezo, maana damu si jasho. Nasema tu kwamba mtu wa Iringa anapozungumza habari ya kushika nafasi yako na kumngoja mwenzako, hazungumzi lugha ya kigeni.

Katika zama za Waingereza palitokea mtu mmoja aliyejaribu kuziunganisha mila hizi na shule. Mwishoni mwa miaka ya 1920, W. Bryant Mumford alifungua shule ya serikali Malangali, ambayo leo imo katika wilaya ya Mufindi, akataka wanafunzi wasikatwe na mila za kwao. Akawaweka wazee wa makabila wawe washauri wa malezi, na ngoma na kutupa mkuki vikapewa mahali pamoja na hesabu na kusoma. Wako waliomlaumu kwamba alitaka kuwarudisha Waafrika nyuma, na lawama hiyo haikukosa haki, kwa maana mkoloni alikuwa mwepesi wa kuipenda mila ya mtu kuliko kumpa cheo. Lakini wazo lenyewe, kwamba kijana hufunzika vyema zaidi akiwa ndani ya kundi linalomjua, halikuwa baya, nami nalitaja kwa sababu jirani wa shule hiyo, Mnyakyusa, alilijua zamani bila kuandikiwa na mtu.

Mpira wa miguu ulipanda milima hii kwa njia zile zile ulizopanda nazo kila mahali: kwa misheni, kama ile ya Wamoraviani iliyoanzishwa Rungwe mwaka 1891 na ile ya Tosamaganga karibu na Iringa, kwa shule za serikali, kwa makarani na askari wa boma. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, yaliyouzaa mji wa Mbeya katika miaka ya 1920, yalikusanya vijana wa makabila mengi mahali pamoja, wenye ujira kidogo na jioni ndefu. Watoto hawakungoja mpira wa ngozi. Waliviringisha majani makavu ya mgomba na matambara, wakayakaza kwa kamba, wakacheza chandimu kwenye miteremko ambako mpira ukipigwa vibaya hufuatwa bondeni nusu saa. Na huenda ndiyo sababu vijana wa Rungwe walijifunza mapema kumpa mwenzako pasi ya miguuni.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza akawa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Tangu hapo kikombe kilizoea kukaa Dar es Salaam, zaidi kwa Simba na Yanga, na ikawa nadra kukiona kikitoka, kama kilivyotoka mwaka 1975 kwenda Morogoro kwa Mseto. Timu ya mikoani ilipofika mjini ilihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kutoa pointi na kurudi kwao.

Hali ilikuwa hiyo hata mwaka 1986. Nchi ilikuwa katika dhiki. Sabuni, sukari na mafuta ya gari vilipatikana kwa taabu, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kung'atuka urais mwaka mmoja nyuma, na Rais Mwinyi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuilegeza minyororo ya biashara. Katika hali hiyo ilipanda ligi kuu timu ya mji mdogo ambao watu wengi wa pwani hawakuweza kuuonyesha kwenye ramani, mji ulioachwa na Wajerumani kwa jina la Neu Langenburg na kurudishiwa na wenyewe jina la Tukuyu. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ni kiasi cha kilomita 70, na kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya 800, kupita Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga na mbuga ya Mikumi. Na timu iliyotaka kucheza na wakubwa ilipaswa kuyala masafa hayo ndani ya gari, usiku na mchana, kisha ishuke na kucheza. Timu hiyo, Tukuyu Stars, katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, ilitwaa ubingwa.

Mashabiki wao waliwaita Banyambala. Kwa Kinyakyusa neno hili ni wanaume, na asiyejua mila atadhani ni majigambo ya kawaida ya mpira. Lakini katika nchi ambayo uanaume ulipatikana kwa kutoka na wenzako, kujenga na wenzako na kula na wenzako, kuiita timu Banyambala ni kuiita kijiji cha hirimu. Siwezi kuyatenga mambo haya mawili. Vijiji vile vya marika vilikuwa vimekwisha kupungua sana kufikia wakati huo, kwa sababu ya shule, ya uhaba wa ardhi, ya kahawa na chai, na ya safari za kwenda kutafuta kazi Lupa na katika migodi ya Zambia. Lakini mila haifi siku moja na nyumba zake. Wachezaji wa mwaka 1986 walikuwa wajukuu wa watu waliokula kwa zamu kwa mama zao, na katika mji mdogo kama Tukuyu mchezaji hana pa kujificha na wenzake: anayempa pasi Jumapili ndiye atakayekutana naye sokoni Jumatatu, na mama wa beki anamjua mama wa kipa. Wakubwa wa Dar es Salaam walikuwa na fedha, majina na wanachama. Hawa walikuwa na ukwangala.

Yaliyofuata yajulikana, na yanauma. Timu kubwa zilipoona vipaji vile zilivifuata, na wachezaji mmoja mmoja wakashuka pwani. Sekilojo Chambua, mmoja wa waliolelewa na Tukuyu Stars, aliitumikia Yanga kwa miaka mingi na kuivaa jezi ya Taifa Stars kwa heshima kubwa. Mimi simlaumu mchezaji yeyote aliyekwenda, kwa kuwa kijana mwenye kipawa na wazazi wakulima ana haki ya kutafuta riziki penye riziki. Lawama yangu ni kwa sisi tuliobaki. Tuliirithi kwa babu zetu habari ya kula pamoja, tukaisahau habari ya ubusoka. Hapakuwa na kundi la pili lililokuwa likiandaliwa nyuma ya lile la kwanza, hapakuwa na moto mpya uliopekechwa kabla ule wa zamani haujazimika. Tukuyu Stars haikurudia ubingwa, na ikaja kutoweka katika ligi kuu.

Mbeya ilikuwa na timu nyingine yenye tabia tofauti. Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza, na wengi wa wachezaji wake ni askari. Wana cheo, wana mshahara, wana mkuu wa kumpigia saluti, na mpira ukiwaishia wana kazi ya kufanya. Jina la Prisons liliandikwa katika orodha ya mabingwa wa Tanzania mwaka 1999. Huu ni umoja wa ngome, na faida yake ni kudumu, kwa maana jeshi huajiri vijana kila mwaka na aliyestaafu kucheza huendelea kuonekana kazini, akimfundisha mdogo wake namna ya kuvaa na namna ya kuitikia. Imeshuka na kupanda, lakini haikufa. Mpenzi wa mpira mzuri huweza kusema kwamba uchezaji wao ni mkavu. Nami nitamjibu kwamba nyumba ya mawe haina maua, lakini mvua haiichukui.

Kisha ikaja Mbeya City. Halmashauri ya Jiji iliianzisha mwaka 2011, ikapanda ligi kuu mwaka 2013, na katika msimu wa 2013/14, chini ya mwalimu Juma Mwambusi, ikashika nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba. Kikosi chake kilijaa vijana ambao majina yao hayakuwa yamepata kusikika, na mji mzima ukavaa zambarau na nyeupe. Mashabiki wao wakaifuata timu katika mikoa ya mbali kwa mabasi, jambo ambalo kabla ya hapo lilidhaniwa kuwa la Simba na Yanga peke yao. Azam ilipotawazwa bingwa Aprili 2014, ilikuwa katika kiwanja cha Sokoine, Mbeya, baada ya kuwafunga vijana hao mabao 2 kwa 1. Kitu alichokijenga Mwambusi kilikuwa imani ya mtu asiye na jina kwa mwenzake asiye na jina. Baadaye Yanga ilimchukua awe msaidizi wa Hans van der Pluijm, wachezaji nao wakatafutwa na wengine, na jengo lile likaanza kulegea. Mwaka 2023 timu ikashuka daraja, na ilihitaji miaka miwili kurudi.

Iringa ilipata zamu yake mwaka 2019. Lipuli, ambayo wenyewe huiita Wanapaluhengo, ilikuwa imerudi ligi kuu mwaka 2017, na Selemani Matola, aliyekuwa nahodha wa Simba katika siku zake za kucheza, akawa mwalimu. Mei 2019 waliwafunga Yanga mabao 2 bila jibu katika kiwanja cha Samora, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na Juni 1 wakacheza fainali na Azam mjini Lindi, wakafungwa bao 1. Matola akaondoka. Mwaka uliofuata Lipuli ikashuka. Msomaji ataona kwamba nasimulia habari moja mara tatu, na kwa kweli ni habari moja.

Ihefu ya Mbarali naitaja kwa machache. Tarehe 29 Novemba 2022 iliwafunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kuukatisha mwendo wao wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa, na wakulima wa mpunga wa Mbarali walikuwa na haki ya kuiona siku ile kuwa yao. Haikutimia miaka miwili timu yenyewe ikahamishiwa Singida na kubadilishwa jina. Timu inaweza kununuliwa kwa hati. Watoto waliokuwa wakikaa kwenye uzio kuitazama hawakuandikwa katika hati hiyo.

Kazi ya mwalimu katika mambo haya yote ni ngumu kuliko wanavyodhani watazamao. Hana budi kupanga kikosi cha watu 11 kutoka vijana 25, na kila Jumamosi kuwaumiza mioyo vijana 14 ambao Jumatatu atawataka wajitume. Hana budi kupambana na kile kiitwacho kamati ya ufundi, ambacho katika klabu nyingi za nchi yetu si ufundi wa mpira hata kidogo, ni watu wa hirizi na mayai ya kuvunjwa langoni; na ubaya wake mkubwa, kupita upotevu wa fedha, ni kwamba timu ikifungwa hutafutwa aliyeuza mchezo au aliyevunja mwiko, na vijana waliokula sinia moja huanza kutazamana kwa jicho la shaka. Nimeona timu zikipona majeraha ya misuli. Timu iliyopona shaka ya namna hiyo sijaiona. Mwalimu aliye imara huikataa mapema, tena mbele ya viongozi wake, hata ikimgharimu kibarua.

Asubuhi moja ya Julai nilikaa kando ya kiwanja cha vumbi mjini Mbeya, baridi ikiwa kali hata pumzi za vijana zikaonekana kama moshi, nikatazama mazoezi ya timu ya mtaani ya watoto wa miaka 15 au 16. Kijana mmoja alichelewa. Mwalimu wao, mtu mfupi mwenye koti la mvua, hakumwambia neno, alimtazama nahodha. Nahodha akamvuta mwenzake pembeni, wakasemezana kidogo, kisha wale vijana wote wakaanza kukizunguka kiwanja pamoja na aliyechelewa, mizunguko mitatu, bila kuamriwa na mtu mzima. Mazoezi yalipokwisha ililetwa ndoo ya uji. Vikombe vilikuwa vinne na vijana kumi na wanane, hivyo kila mmoja alikunywa huku mwenzake akimngoja, na hakuna aliyeinua kikombe mara ya pili kabla ya zamu kuzunguka. Mwalimu alikunywa wa mwisho, uji ukiwa umekwisha kupoa. Nilimuuliza alikojifunza utaratibu ule. Akanijibu, "Kwetu tulikula hivi, mzee wangu," akaenda kukusanya mipira.

Magazeti ya mwaka 1986 yalihifadhi majina ya waliofunga mabao. Majina ya waliowapikia Banyambala, waliofua jezi zao katika mwaka wa uhaba wa sabuni, walioendesha gari usiku kupita Kitonga, na waliowapatanisha walipogombana, yamo katika vifua vya watu tu. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile leo yuko kwenye 60, na wengi wametangulia mbele ya haki. Nawasihi vijana wa Rungwe, Mbeya na Iringa, hasa ninyi mnaofundisha timu za mitaa na za shule, mketi na wazee hao mwaka huu, msiseme mwakani. Waulizeni walilala wapi, walikula nini na kwa nani, mwalimu aliwaambia nini walipofungwa, kisha mwandike, na muwasomee wachezaji wenu.